Mtani Aliyenibeba Harusini Gongoni

Mimi niliwahi kuangusha harusi.

Sisemi kuiharibu. Kuiangusha. Turubai, bwana harusi na Maalim, wote chini, nami nikiwa mtoto wa darasa la kwanza.

Cheka kwanza, ila usiondoke.

Ni Tabora, mtaa wa Gongoni, enzi za operesheni ya vijiji. Watu wanahamishwa huku na kule, sura ngeni kila kona. Tukasikia kuna mtoto alichukuliwa akitoka madrasa. Alipatikana porini, yu hai, lakini hasemi.

Ndipo akaja bibi maendeleo, Dada Sikuzani, kuwafundisha wazazi. Ijumaa uani kwenye madrasa yetu, Jumapili kanisani. Akasema mtoto asikae chumbani peke yake na mkubwa, awe maalim, awe katekista, awe mjomba. Tena asiondoke na mtu yeyote mpaka mama yake amwambie kwa kinywa chake.

"Na nyie wadogo," akatugeukia, "mtu akikuvuta, shika kitu kisichotembea, upige yowe mpaka watu waje."

Maalim Lukumani akakunja uso. "Mtoto amkatalie mkubwa? Adabu gani hiyo, mwanangu?"

"Shikamoo, Maalim. Mwizi wa watoto anaipenda sana hiyo adabu."

Maalim akaitikia marahaba, akakohoa.

Sasa mimi! Somo lilinikolea kupita kiasi. Siku moja wenzangu wameshaondoka, Maalim akaniita ndani nimfutie mbao. Nikaukumbatia mwarobaini wa uani, nikapiga yowe la kuamsha wafu. Mtaa mzima ukaja. Maalim wa watu kasimama mlangoni na kitambaa mkononi, jasho linamtoka.

Mama yangu, Bi Mwanahawa, alitaka ardhi ipasuke immeze. Njiani akanifinya.

"Jumamosi harusi ya mjomba wako Omari. Ukinipigia yowe lako pale, Tatu, utanitambua!"

Basi, somo la Dada Sikuzani likaishia hapo.

Jumamosi ikafika. Pilau linanukia, turubai kubwa la kuazima limesimama, watu wa bibi harusi wameshawasili kutoka Goweko. Maalim ameanza mawaidha.

Mara akaingia bwana mmoja, kanzu safi, kicheko kinamtangulia.

"Wanyamwezi! Mababu zenu walitubebea meno ya tembo mpaka pwani, wakarudi na chumvi! Leo mnaoa kwa kipi?"

Ah, mtani huyo! Mzaramo! Watu hoi. Hata Maalim akakatisha mawaidha acheke.

"Na nyie je," Mama akamjibu, "mnaocheza ngoma huku nyani wanamaliza mihogo?"

Kwa asiyejua, utani kwetu una sheria zake. Mtani anaweza kuingia kwenye shughuli akabeba kuku, akabeba sufuria, na hamrudishii mwenyewe mpaka apewe chake. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe.

Yule bwana akaninyanyua begani. "Huyu nimemteka! Mtamkomboa kwa jogoo!"

Watu wakapiga makofi. Mama naye akapiga, huku amenitolea lile jicho la utanitambua.

Nikanyamaza. Wallahi nilinyamaza. Tukawapita wapishi, tukawapita wapiga dufu, bwana bado anacheka. Ila mkono ulionishika mguu ulikuwa unabana, unaniumiza. Tena hakugeuka nyuma kungoja jogoo. Alikuwa anaelekea barabarani.

Hofu ya Mama ikapigana na hofu ya ule mkono. Ule mkono ukashinda.

Tulipofika nguzo ya mwisho ya turubai, nikaikumbatia, nikalitoa yowe.

Yeye akanivuta mimi, mimi nikaivuta nguzo, nguzo ikavuta kamba zote. Kukawa giza. Akina mama wanalia, sinia za pilau zinagongana, na kutoka chini ya turubai nikaisikia sauti ya Maalim.

"Subhanallah! Ni Tatu tena?"

Walipolifunua, bwana hayupo. Mama akanijia mbio, ndara mkononi. Kabla hajanifikia, akakumbuka wageni. Akamgeukia Bi Mwanne, shangazi wa bibi harusi.

"Tuwieni radhi, jamani. Huyu mtoto hana adabu, amemfukuza mtani wenu."

"Mtani wetu?" Bi Mwanne akashangaa. "Si alikuwa wenu?"

Hapo hakuna aliyecheka.

Wao walidhani ametujia sisi. Sisi tulidhani amekuja nao. Hakuna hata mmoja aliyemjua jina.

Mama aliangalia barabara, kisha akaketi mavumbini na kanga zake mpya za harusi. Akanivuta kifuani, akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi.

"Nilimpigia makofi," alisema. "Mwanangu anachukuliwa, mimi nampigia makofi!"

Maalim akajitokeza, kilemba kimemwangukia shingoni, kanzu ina mchuzi.

"Sikilizeni," alisema. "Kuanzia leo, utani ni wa watu wazima. Mtoto hataniwi. Na hilo yowe, nitalifundisha mwenyewe madrasa."

Ndoa ikafungwa juani.

Ndugu zangu, tunawaonya watoto kuhusu mtu mwenye sura mbaya. Wetu alikuja anachekesha, tena aliijua mila yetu kutuzidi. Kumfundisha mtoto kupiga yowe ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni sisi wazazi kukubali kuaibika.