Samaki Mkubwa wa Virginie

Diploma ya Edouard ilitundikwa ukutani, juu ya kabati la vyombo, na kila mgeni aliyeingia nyumbani kwa Laurentine kule Ruashi alilazimika kuitazama kabla hajapewa kiti. Iliandikwa kwamba Mutale amefuzu masomo ya upelelezi wa makosa ya jinai. Mutale ni yeye huyo; Edouard lilikuwa jina lake la ubatizo. Serikali ilikwisha kuyafuta majina hayo kwenye vitambulisho, lakini Laurentine hakuwahi kuiona serikali ikinyonyesha mtoto, basi nyumbani Edouard alibaki Edouard.

Aliyeilipia diploma ile hakuwa mama peke yake. Mumewe, mtu wa tanuri la shaba, alikufa mtoto akiwa bado shule. Samaki wakavu wa Pweto ambao Laurentine aliwauza sokoni waliweza kulisha, si kusomesha. Waliosomesha ni wanawake wenzake wa likelemba: kila mwezi wote wanatoa, mmoja anachukua. Mmoja baada ya mwingine walimwachia zamu zao, naye akaapa kurudisha siku mtoto atakapoanza kazi.

Likelemba yao ilikuwa na sheria yake. Kabla ya kuingia, kila mwanamke alisema mbele ya wenzake fedha yake inatoka wapi, yote, hata ile ya kificho, ili wajue kama ataweza kulipa. Mlango ulifungwa wakati wa kusema, na lililosemwa ndani halikutoka nje. Walikutana kwa Laurentine. Yeye ndiye aliyefunga mlango, miaka yote, na alijivunia kazi hiyo kuliko kazi ya samaki.

Edouard alipoajiriwa, ngoma zilipigwa. Kisha wakangoja mshahara, wakangoja tena, na ulipofika ulikuwa mdogo hata ukaona haya kutoka bahashani. Chama chote kilikuwa kimemlipia mtu mmoja ili apate mshahara wa kununua unga na sabuni! Wanawake walivumilia. Halafu wakachoka, na ni haki yao.

Aliyetumwa kusema ni Virginie, muuza vitenge, mwanamke mrefu mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Yeye, ambaye Laurentine alimwita yaya, yaani dada mkubwa, ndiye aliyeachia zamu nyingi kuliko wote. Siku ile hakucheka.

"Mama Edouard, bamama banasema hivi. Kama mvula inaanza na weye haujalipa hata kidogo, batakamata meza yako ya ku soko, batamupa mwingine. Mi nilikatala. Banakatala kunisikia."

"Yaya Virginie, ile meza njo maisha yangu."

"Najua, mudogo yangu. Ongea na mutoto."

Mawingu yalikuwa yamekwisha kuanza kujikusanya upande wa Kipushi.

Jumapili baada ya misa Laurentine alimketisha mwanawe mezani. Edouard alikuwa amebadilika tangu aanze kazi. Alichagua kiti kinachotazama mlango. Aliuliza jambo, akajibiwa, akaliuliza tena polepole, kama vile jibu la kwanza lilikuwa la kusafisha koo tu. Mama yake alidhani ndiyo elimu.

Alimwaga samaki mezani. Mmoja kwa kila mwanamke, ukubwa wa samaki kwa ukubwa wa deni. Wakajaa. Kando yao akaweka kidagaa kimoja.

"Ule mudogo ni mushahara yako. Pima mwenyewe."

Edouard alipima kwa macho. Akasema mkubwa wake wa kazi amemchoka, kwamba inspekta asiyeleta mtu wa kufungwa hana faida, na kwamba mishahara inaanza kwa wale wanaoleta.

"Sina bantu ya kuleta, mama. Bananiambia batanifukuza." Akamgusa samaki mkubwa kuliko wote. "Huyu ni ya nani?"

"Ya mama Virginie."

"Anatosha wapi falanga yote hii? Anaitoa wapi?"

Hapo Laurentine angefunga mdomo kama alivyozoea kufunga mlango. Lakini alikuwa na hasira, na hasira haina komeo. Alitaka mtoto aone uchungu wa watu. Akamwambia jinsi Virginie anavyovuka mpaka pale Mokambo kwa njia ya porini, vitenge vimefungwa mwilini chini ya nguo, bila karatasi ya forodha hata moja, miguu imevimba, kila Alhamisi, na jinsi Kunda dereva anavyomngoja kwenye daraja la mbao. "Alifanya vile juu yako, ununue bitabu!"

Edouard hakuandika kitu. Alimgeuza samaki ubavu wa pili.

"Kila Alhamisi?" aliuliza.

"Kila Alhamisi."

Akainamisha kichwa, na Laurentine akafurahi moyoni kwamba hatimaye maneno yamemwingia. Hakuwauza samaki wale. Aliwapanga juu ya kabati, chini ya diploma, mtoto asisahau.

Ijumaa meza ya Virginie sokoni ilikuwa tupu. Laurentine aliuliza, wenzake wakaanza kupanga bidhaa zao upya. Marceline, muuza mafuta na mwenzake wa likelemba, aliyeketi karibu naye tangu ujana wao, alikuwa amehamisha kigoda chake upande wa pili. Hakuna aliyemdai. Hakuna aliyetaja meza. Alirudi nyumbani jua likiwa bado juu, akimwomba Mungu iwe ni homa tu iliyomlaza Virginie.

Edouard alikuwa amemtangulia. Mezani kulikuwa na sukari na chupa ya mafuta.

"Shefu alifurahi sana, mama. Mushahara itatoka. Ile samaki mukubwa, unaweza kumutoa."

"Yaya Virginie iko wapi?"

"Iko kwetu."

"Kwetu wapi, Edouard? Kwetu ni hapa!"

"Muntu mwenye banafunga ku kasho haombe tena deni yake," akasema kwa upole, kama anayemweleza mtoto.

Laurentine alishika ukingo wa meza. Alimwogopa mwanawe, akaona aibu ya kumwogopa, na woga haukuondoka. Keshokutwa, Jumapili, ilikuwa siku ya likelemba. Nani angekuja kuketi ndani ya chumba hiki, mlango ukifungwa na mkono huu?

Edouard alimshusha samaki mkubwa kutoka kabatini, akamweka karibu na sufuria. Kisha akamchukua aliyemfuata kwa ukubwa, akampima mkononi.

"Huyu ni ya mama Marceline, si vile? Yeye anatosha wapi yake?"

"Sijui," alisema Laurentine.

Edouard akavuta kile kiti kinachotazama mlango, akaketi, akamuuliza tena, polepole.