Tajiri Aliyelia Rodi Kopany

Juzi nikielekea Migori, mvua ilinikimbiza ndani ya hoteli moja hapo Rodi Kopany. Kwenye runinga ya ukutani, tajiri mmoja katika filamu, aliyezoea kuzungusha pesa za wakubwa, alikuwa amefilisika. Mke ameondoka, marafiki hawashiki simu. Alikuwa ameketi sakafuni katika jumba kubwa jeupe, akilia bila sauti.

Mama mmoja muuza omena, dagaa wa ziwani, akaweka kikombe chini. "Watu yake wako wapi?"

"Ni sinema tu, mama," mhudumu akamjibu.

"Najua. Lakini mtu akianguka hivi, si watu hukuja kukaa na yeye?"

Hapo stima ikapotea. Kioo kikawa cheusi, tukabaki na mvua juu ya mabati. Mama akavuta kiti chake karibu na runinga, akaweka mikono mapajani kama mtu aliyefika msibani.

"Tukae na yeye kidogo."

Mvua ilikatika, na hakuna aliyeinuka. Nimeona matajiri wa kweli wakianguka nchini humu, na sebule zao zikabaki tupu siku hiyo hiyo.

Nilikuwa na haraka ya kufika Migori. Nikaagiza chai nyingine.