Marehemu Yuko Nyumbani Anachambua Mchele

Jumatano moja, saa saba mchana, nilimkuta shangazi yangu amekufa.

Alikuwa ukutani kwenye mgahawa wa watu wenye nazo, ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu, anatabasamu na kilemba chake cha kijani. Chini ya picha kuna kibao cha shaba: MAREHEMU MPISHI WETU. MIKONO ILIYOTUFUNDISHA.

Ndugu zangu, huyo marehemu nilikuwa nimemwacha nyumbani saa moja nyuma, anachambua mchele na kunitukana kwa sababu nimekanyaga alipotoka kupiga deki.

Ngoja niwaeleze nilifikaje pale, maana mtu kama mimi haingii mahali kama pale bila sababu.

Mimi ni fundi wa mafriji. Nimepigwa shoti mara nyingi kuliko nilivyopigwa busu. Shangazi alikuwa ameniunganishia kazi ya kutengeneza chumba cha baridi cha mgahawa ule, na nilipomaliza, bosi akafurahi, akanipa kadi ya mlo mmoja wa bure. Nikaiweka kadi mfukoni mpaka njaa iliponikumbusha.

Sasa mgahawa wenyewe.

Nje wameandika "Ladha Halisi ya Afrika Mashariki". Ndani kuna kinu kimewekwa juu ya meza ya kioo, kinamulikwa na taa tatu. Mchi wake umefungwa mnyororo usije ukaibiwa. Jamani! Mama zetu wameota sugu kwa huo mchi, leo unalindwa kama benki.

Chakula nacho kimepewa majina. Maharage yanaitwa "Lulu za Udongo Mwekundu". Wali ni "Theluji ya Bonde". Unaletewa sahani pana kama kifuniko cha pipa, na katikati kabisa, kama zimepotea njia, lulu kumi na moja juu ya theluji kidogo. Nilizihesabu. Sikuwa na kazi nyingine.

Na wateja? Wanakula wamefumba macho!

Kwenye meza ya jirani palikuwa na mama mwenye miwani mikubwa kama madirisha ya basi. Akamwambia mwenzake, "Unausikia moshi wa kuni humo ndani?"

"Nausikia! Utoto wangu wote umerudi."

Jiko lao ni la gesi. Nalijua, nimelala chini yake nikitafuta waya.

Basi nikawa najichekea peke yangu, nikainua macho, ndipo nikamwona shangazi. Lulu ya saba ikanikwama kooni.

Niliposoma lile neno "marehemu", nikashusha macho haraka. Nikarudi kuhesabu lulu.

Shangazi yangu amepikia kantini ya kiwanda miaka ishirini na minane. Kiwanda kilipofungwa, bosi wa mgahawa akamwita awafundishe wapishi wake kwa miezi miwili. Akawafundisha, wakampiga picha, wakamuaga kwa makofi.

Wiki hiyo hiyo ya mwisho mambo mawili yakamfika. Simu yake ilitumbukia kwenye sufuria la mchuzi, ikafa na namba zote, ikabidi anunue nyingine na laini mpya. Na akaachwa na mchumba.

Mchumba mwenyewe ni mgane mmoja, fundi wa saa. Sisi nyumbani hatukuwahi kumwona, tulimsikia tu kwa jina la Fundi Saa. Shangazi alikuwa amepanga kukutana naye Jumamosi, mzee akachelewa saa nzima. Shangazi akanyanyuka, akaondoka.

"Fundi saa gani anayechelewa?" alituuliza siku hiyo. "Huyo akinioa si atafika arusini nimeshakuwa na wajukuu?"

Tulidhani mzee atakuja kuomba radhi. Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tano, shangazi hacheki, hasuki, anapika kama anayemkomoa mtu. Nyumba nzima tulikuwa tunakula hasira.

"Mfuate basi kwenye karakana yake," nilimwambia siku moja.

"Mimi? Nimfuate mwanamume ambaye hata kunitafuta hakunitafuta? Mwanangu, mimi si kuku aliyepotea."

Nikaapa kwamba siku nikimtia machoni huyo Fundi Saa, nitamrekebisha majira.

Turudi mezani.

Chini kabisa ya picha ya shangazi alikaa mzee mmoja peke yake. Shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Analia. Halii kwa sauti, machozi tu yanadondoka moja moja kwenye Theluji ya Bonde.

Nikamwita mhudumu, msichana mwenye sauti ndogo.

"Dada, yule mzee vipi?"

"Huja kila Jumatano. Anaagiza wali, anakaa chini ya marehemu, analia, anaondoka."

"Marehemu yupi?"

"Si huyo ukutani."

"Wewe ulifanya naye kazi?"

"Sana. Ndiye aliyenifundisha kukaanga kitunguu kisiungue."

"Mlimzika lini?"

Akaanza kupangusa meza isiyo na uchafu.

"Kaka, usinitafutie balaa. Bosi ndiye aliyeandika."

"Lakini unajua ni mzima."

"Juzi tumekutana sokoni, tumesalimiana."

"Na hukumwambia?"

"Ningeanzaje? Shikamoo mama, pole kwa msiba wako?"

"Na bosi je?"

"Bosi akisema mtu ni marehemu, mimi ni nani wa kumfufua?"

Nikamdharau, nawaambia ukweli. Nilimdharau yule binti mpaka roho ikatulia. Nikasema moyoni, hawa ndio watu wanaoharibu dunia. Mtu anaona uongo umepigiliwa misumari ukutani, yeye anapangusa meza!

Nikanyanyuka na sahani yangu, nikaenda kwa mzee.

"Shikamoo mzee. Naweza kukaa?"

"Marahaba. Kaa, baba."

"Unamjua huyo mama?"

Akajifuta macho kwa kitambaa cha mfukoni. "Nilikuwa ndio naanza kumjua."

"Ikawaje?"

"Nilimkosea. Mimi natengeneza saa za watu, siku hiyo yangu ikasimama, nikachelewa. Akakasirika, haki yake. Nikampigia, simu haipatikani. Siku tatu haipatikani. Ya nne nikasema nimfuate kazini nimwangukie. Nikaingia kwa mlango ule pale." Akaonyesha kwa kidole. "Nikamkuta yuko ukutani."

Ndugu zangu, kiapo changu kikayeyuka hapo hapo.

"Hukwenda kwao, mzee?"

"Niende kama nani? Kwao hawanijui. Nikae msibani, waniulize wewe ni nani wa marehemu, nijibu nini? Mtu aliyechelewa?"

"Na hukuuliza hapa?"

"Nilimuuliza yule binti kama ni kweli. Akatazama chini. Nikaelewa."

Nikamtupia yule binti jicho la kumuua. Halafu nikatoka nje na simu.

"Shangazi, acha unachofanya, njoo mgahawani."

"Nina mchele jikoni."

"Shangazi, umekufa."

"Ushaanza utani wako."

"Naapa! Vaa uje ujionee."

Dakika ishirini baadaye pikipiki ikasimama mlangoni. Shangazi akaingia na ndala na aproni, mwiko bado uko mkononi.

Mzee aliinuka mpaka kiti kikaanguka. Sahani nayo ikafuata, theluji ikatapakaa sakafuni. Mama wa miwani akapiga ukelele, "Bibi ametokea!" Mwenzake, badala ya kukimbia, akatoa simu apige picha.

Shangazi hakumjali mtu. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akasoma kibao herufi kwa herufi, anafuatisha kwa ncha ya mwiko. Akageuka.

"Na wewe ukaamini?"

"Imeandikwa kwenye shaba," mzee akasema.

"Kumbe ningeandikwa kwenye karatasi ungenitafuta?"

Kabla mzee hajajibu, mlango wa ofisi kule nyuma ukafunguka, bosi akatoka mbio, mikono wazi, uso unang'aa.

"Mama! Marehemu yetu! Karibu sana!"



Huyu bosi niwaambie kidogo. Amesomea shule za bweni za mbali tangu ana miaka sita, nyumbani anakuja likizo. Kiswahili chake ni cha kuagizia chai.

"Umeona picha?" akamuuliza shangazi. "Mimi naheshimu wewe sana."

Nikaona hii ndiyo zamu yangu. Nikajitanua kifua.

"Bosi, marehemu ni mtu aliyekufa."

Akacheka. "Hapana, fundi. Marehemu ni mtu mkubwa. Nyumbani wote walisema marehemu babu, marehemu jaji. Wakisema, wanainamisha kichwa. Hata mimi ni marehemu!"

Akaufunga mlango wa ofisi aliotokea ili tuuone vizuri. Shaba ile ile, herufi zile zile: MAREHEMU MKURUGENZI.

Wapishi waliokuwa wanachungulia dirisha la jikoni wakapasuka. Wateja wakacheka mpaka wakafumbua macho. Bosi akatutazama mmoja mmoja, na tabasamu lake likaanza kushuka kama pazia.

Shangazi peke yake hakucheka. Akamsogelea, akamuuliza kwa upole, "Baba, nani alikwambia ni neno zuri?"

"Mimi si mjinga, mama. Mimi niliuliza kwanza."

"Ulimuuliza nani?"

Akanyoosha kidole.

Kwangu.

"Huyu fundi. Alikuwa kwa chumba cha baridi. Nikasema, nataka kuandika marehemu kwa mlango wangu, ni sawa? Yeye akasema, sawa kabisa bosi, linakufaa. Akasema, usiwe mchoyo, mpe kila mtu unayeheshimu."

Hili sikuwaambia tangu mwanzo. Nilitaka kwanza mcheke na mimi.

Ni kweli nilisema. Siku ile nilijifungia kwenye chumba cha baridi nikacheka mpaka machozi yakataka kuganda. Jioni nikawasimulia wenzangu kijiweni, wakagaagaa. Kwa wiki sita kile ndicho kilikuwa kichekesho changu bora. Sikuwahi kufikiri kwamba bosi anaweza kuwa mtu mkarimu, kwamba akipata anachodhani ni heshima, wa kwanza kumpa atakuwa shangazi yangu.

Shangazi alinitazama. Nilingoja mwiko. Bora angenipiga.

"Wiki tano," akasema. "Wiki tano nalala naamini sina thamani hata ya kutafutwa."

Nikainama kuokota wali uliomwagika, mimi niliye na jibu kwa kila kitu.

Yule mhudumu akasogea, sauti ndogo vile vile. "Na mimi nilijua, mama. Niliogopa kazi. Nisamehe."

Unaona? Yule niliyemdharau alikuwa na sababu. Alikuwa analinda ugali wake. Mimi nilikuwa nalinda nini? Kicheko!

Shangazi akampigapiga binti begani, yakaisha. Kwangu hakugeuka. Akasema tu, "Fundi, ondoa kile kibao."

Hakuniita mwanangu. Aliniita fundi, kama mteja.

Nikatoa bisibisi. Skrubu nne, mbele ya macho ya mgahawa mzima, na bosi amenishikia kigoda nisianguke. Huyo huyo niliyemfanya kikaragosi ndiye aliyenishikia kigoda.

Nikiwa juu pale nikasikia shangazi anamwambia mzee, "Siku ile uliyochelewa, ulikuwa unakuja kuniambia nini?"

Mzee akatazama watu. "Hapa hapa?"

"Kifo changu kimetangaziwa hapa. Sema hapa."

"Nilikuwa nakuja kukuomba tuzeeke pamoja."

"Tumeshazeeka. Sema lingine."

Mzee akafikiri. Nilidhani ameshindwa.

"Basi tumalizie pamoja."

Mama wa miwani akalia mpaka madirisha ya basi yakaingia ukungu. Shangazi yeye akachukua kijiko cha mezani, akaonja wali wangu niliouacha, akakunja uso.

"Nani kapika huu?"

Dirisha la jikoni likawa tupu ghafla.

"Haujaiva," akamwambia mzee. "Twende nyumbani ukale."

Wakatoka. Mimi hawakuniambia twende.

Walioana baada ya miezi mitatu. Shangazi alinisamehe, ila aliyenisamehe hakunirudishia nilichopoteza. Asubuhi ya arusi mimi ndiye niliyekaa mlangoni. Gari la kumchukua lilipotokea nikapiga kelele, "Limefika!" Hakunyanyuka mtu. Nikarudia. Dada yangu akasema, "Huyo anatania." Shangazi amekaa na gauni lake, tayari kabisa, hanitazami. Mpaka yule mhudumu, naye alikuwa mwalikwa, alipoenda dirishani akachungulia, akasema kwa sauti yake ndogo, "Ni kweli, limefika."

Nyumba nzima ikasimama.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Anayejibu hawakumtaja, labda waliona aibu. Basi nimtaje mimi: mtu akikuuliza asichokijua, amekuvulia nguo. Mstiri. Ukimwacha uchi ili upate cha kusimulia kijiweni, kicheko chako kitaisha jioni hiyo hiyo, lakini neno ulilompa litatembea mjini, na litaingia nyumba za watu bila hodi. Sisi lilituingilia kwa shangazi.