Mkabaji Niliyemsomesha

Katika miaka yote niliyokaa misikitini na vitabuni, sikupata kusoma mlango wowote unaohusu mpira wa Kimarekani. Aliyenifundisha ni mwanangu, sebuleni kwetu, kwa vikombe vya kahawa. Kikombe kimoja mrushaji, kingine yeye mpokeaji. Mrushaji akishaupata ule mpira wao uliochongoka ncha mbili, mpokeaji hukimbia mbele, humtoka mtu anayemkaba, hugeuka, na mpira unatakiwa umkute papo hapo. Kisha akaweka kikombe cha tatu, akakisogeza mpaka kikagusana na chake.

"Na hu-huyu," akasema, "ndiye ta-tabu."

Kigugumizi alianza nacho utotoni. Akisoma Kurani ulimi wake huteleza vizuri kabisa, lakini akitaka kuomba chumvi mezani, maneno humkwama. Tulimpeleka kwa madaktari, tukamsomea, tukasubiri. Mungu hakutaka zaidi ya hapo, nasi tulimshukuru kwa alichotupa. Ila mtoto wa namna hiyo hukua pembeni mwa wenziwe, na mimi nilimtazama akikua hivyo, shule moja hadi nyingine hapa Dubai, bila ya kuwa na la kumfanyia. Alipoingia chuo na kujiunga na timu ya mpira huu, ndipo simu yake ilipoanza kulia. Vijana walikuja kumpitia nyumbani. Uwanjani hakuna aliyemtaka azungumze, walimtaka akimbie.

Majira ya baridi ya mwaka wake wa pili, kocha wao, Mmarekani aliyekuwa akiwasomesha biashara, alitangaza kwamba timu itakwenda Kairo kucheza na wenzao wa huko. Wapokeaji walikuwa watatu na nafasi zilikuwa mbili. Mechi ya Ijumaa dhidi ya chuo kingine ndiyo ingeamua. Mwanangu alikuwa hajadaka mpira hata mmoja katika mechi, msimu mzima.

"Nikidaka mmoja tu, Baba," aliniambia, "na-nakwenda."

Ijumaa hiyo nilifika uwanjani baada ya alasiri, na pikapu ya ghala la vipuri la Ras Al Khor nilikofanya kazi. Askari wa geti, Mkenya mmoja Mkristo, alikuwa na desturi ya kunitolea kiti cha plastiki na kusimama nyuma yangu akinifafanulia mambo.

"Mzee, karibu. Leo kijana atadaka?"

"Akijaaliwa."

"Si umuombee? Wewe ndiye uko karibu na Mungu. Mimi niko karibu na geti tu."

Mechi ilianza, na tangu mwanzo nikaiona ile tabu ya kikombe cha tatu. Mwanangu hakuwa amemaliza hatua mbili, ameshawekewa viganja kifuani. Akijinasua, yule mkabaji yuko naye nyonga kwa nyonga. Akikata kulia, yupo. Akisimama ghafla, amesimama. Walikuwa kama mtu na kivuli chake cha adhuhuri, kile kisichotoka miguuni. Wapokeaji wengine wawili nao walikabwa, lakini wao angalau walipata mwanya mara moja moja, na mmoja akadaka miwili. Upande wa mwanangu mrushaji aliacha hata kutazama.

"Amemgandia kama kupe," askari akasema.

"Kumshika namna ile si makosa?"

"Hapana, Mzee. Hajamshika. Hiyo ni kazi safi."

Yangekuwa makosa ningefarijika. Ningemlaumu refa. Nilijikuta nimeinua kiganja, kama kwamba naweza kumsukuma yule kijana kutoka pale nilipoketi, nikakirudisha gotini.

Mapumziko yaliangukia magharibi. Vijana Waislamu wa timu zote mbili wakavua helmeti, wakatawadha kwenye bomba la kumwagilia nyasi, wakanitaka niwasalishe. Yule mkabaji akanijia mbio, uso umelowa maji.

"Shikamoo, Maalim."

Nikamjua. Ni mtoto wa familia moja ya asili ya Unguja waliokaa Mirdif. Nilimsomesha Kurani kwao miaka mingi, juu ya zulia la majlisi, chumba chao cha wageni, tukisita kila ndege ilipopita juu ya paa na kuendelea ilipokwisha kupita. Alikuwa mtoto asiyechoka. Ukimpa aya tatu, husoma tano.

"Wallahi, Maalim, sikujua ni mwanao mpaka nilipoona jina mgongoni."

Akaubusu mkono wangu. Mwanangu alikuwa amesimama nyuma yake.

Safu zikapangwa kwenye nyasi. Wakasimama wao wawili pamoja, bega kwa bega. Nikageuka, nikasema kama ninavyosema siku zote, sawazisheni safu, zibeni mianya. Kijana mmoja wa timu yetu akadakia, "Maalim, huyo usimwambie kuziba mianya. Tangu alasiri hana kazi nyingine." Safu nzima ikacheka, mwanangu pia. Niliwasubiri watulie ndipo nikatoa takbiri.

Baada ya salamu wakaniomba dua. "Tuombee tushinde, Maalim." Wengine nao, "Na sisi." Nikainua mikono na sikuona pa kuanzia. Nilichokitaka kilikuwa kifuani, kimoja, kidogo: mpira mmoja mikononi mwa mwanangu. Lakini aliyepaswa kuukosa ili yeye aupate alikuwa nyuma yangu, mikono juu, akingoja kusema amin. Nikawaombea afya na salama ya viungo. Mwanangu alinitazama, kisha akaenda kuvaa viatu.

Yule kijana wa Mirdif alibaki nyuma. Akainama kana kwamba anafunga kamba.

"Maalim, nimesikia habari ya Kairo," akasema kwa sauti ya chini. "Sisi tunaongoza kwa mbali. Nikiteleza mara moja, nani atajua?"

Nilimwona mwanangu kule mbali, anajaribu kumwambia kitu mrushaji, na mrushaji anatazama pengine. Mkononi mwangu nilikuwa nimepewa kile nilichoshindwa kukiomba. Ila niliyemtaka adake ni mwanangu, na mpira wa namna ile usingekuwa wake. Na huyu aliyeinama mbele yangu nilimsomesha mwenyewe kwamba mizani haipunjwi, hata kwa jamaa.

"Usimpunje," nikamwambia. "Mkabe."

"Haya, Maalim."

Akamkaba. Kipindi cha pili kilikuwa kirefu kuliko cha kwanza, au mimi ndiye niliyeingojea kila hatua. Askari aliacha kufafanua. Mara mbili mrushaji alimrushia mwanangu, na mara zote mbili mkono wa yule ulitangulia.

Karibu na mwisho, mwanangu akaondoka kwa kasi, akatikisa bega la kushoto, akakata ndani, na kukawa na mwanya. Hatua moja kamili, na nyasi tupu katikati yao. Mrushaji akamwona. Mpira ukaja, na mimi badala ya kufurahi nikashikwa na hofu: kijana ameteleza makusudi, hakunisikia. Mpira ukagusa vidole vya mwanangu. Hapo mkono ukapita kutoka nyuma, mrefu, ukaupangua, mpira ukaanguka chini.

Kwa hiyo mkabaji hakuteleza. Mwanya ule mwanangu aliupata mwenyewe. Mungu anisamehe, furaha ilitangulia, kisha nikaona jinsi alivyopiga magoti akiitazama mikono yake.

Kocha hakutoa hotuba. Aliwashika mabega wapokeaji wale wengine wawili, kisha akampa mwanangu mkono na kumshukuru kwa jitihada. Mkabaji akaja akamkumbatia, akamwambia, "Ile ya mwisho uliniacha kabisa." Mwanangu akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea salamu za heshima tu.

Garini tulifika taa nyekundu ya kwanza. Akaanza neno, likakwama, nikangoja.

"Ha-hakunipa hata hatua mo-moja, Baba. Mechi nzima."

"Ulimwacha hatua moja. Niliona."

"U-unasema hivyo kwa kuwa ni ba-babangu."

Nilikuwa na ushahidi. Kijana alikuwa tayari kumwachia, akakatazwa, na bado akaachwa. Lakini ningeutamka, angejua kwamba Kairo ilipita mkononi mwangu na mimi nikaurudisha mkono. Labda angenielewa. Nilimtazama uso wake upande wa dirisha, nikapima, sikuweza.

"Niliona," nikarudia.

Taa ikawaka kijani, na gari la nyuma likatupigia honi.