Askari Waliokosea Nyumba

Katika duka moja la dawa hapa mtaani kwetu Nyakabiga, mbele yangu alisimama mama na mwanawe mtu mzima, ambaye husikia sauti wasizozisikia wengine. Mama alitaka kurudisha vidonge vya mwanawe, kwa kuwa alishaamua kumpeleka mwanawe kwenye maombi afukuzwe pepo.

Muuza dawa akavuta koti lake jeupe. "Mama, mu mwili kuna askari wa kupiga magonjwa. Dokta wanafikiri, kwa wagonjwa wengine, askari hao wanakosea, wanapiga ubongo. Bado wanatafuta. Ila dawa usikatishe."

"Askari?" Mama akashika kifua. "Basi si pepo!"

"Mama," mwanawe akasema polepole, "mi nilikwambia kuna askari mu kichwa. Ukasema mi kichaa."

"We hauna koti nyeupe."

Akarudisha vidonge mkobani, akamshika mwanawe mkono, wakaondoka.

Mimi ni mwalimu, na kila mwaka huwafundisha watoto kwamba kinga ya mwili ni askari wetu. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama askari huweza kukosea nyumba. Labda walidhani kila mtu anajua.