Niliripoti Nimekauka, Sasa Mgonjwa Mwenzangu Ameacha Mazoezi

Msimamizi wa ukurasa, nakuomba ulifiche jina langu. Mimi ni mwanamume wa miaka sitini na tisa, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Ninaishi mtaa wa Tena, Nairobi, pamoja na mke wangu. Watoto wetu wamekwisha kuanza maisha yao. Sijawahi kumweleza mtu asiyenijua jambo la namna hii.

Miezi mitatu iliyopita nilipasuliwa kwa ajili ya saratani ya tezi dume. Daktari alisema imeondolewa yote, nikamshukuru Mungu. Lakini mpira wa mkojo ulipotolewa, niligundua kwamba siwezi kujizuia. Nikikohoa, mkojo unatoka. Nikiinuka kitini, unatoka. Mimi niliyesimama mbele ya madarasa miaka thelathini na sita nikaanza kuvaa nepi.

Hospitali ilinipangia mafunzo ya nyumbani ya kukaza misuli inayozuia mkojo. Kila Jumanne binti mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, hunipigia simu ya video. Mimi hulala chali juu ya mkeka chumbani, mke wangu hunishikia simu.

"Mwalimu, kaza kama unayezuia hewa isitoke ukiwa kanisani," aliniambia siku ya kwanza. "Hesabu hadi tano. Usibane pumzi. Haya, legeza polepole."

Mke wangu alicheka hadi simu ikamponyoka. "Kumbe miaka yote hiyo kanisani ulikuwa ukifanya mazoezi, Baba Ayuma!"

Kila jioni hujaza karatasi: nimefanya mazoezi mara ngapi, nimebadilisha nepi ngapi. Huipiga picha na kumtumia binti yule.

Katika wiki ya nne nilipangiwa kusoma neno kanisani. Nilipoinuka kwenda mbele, nilihisi ujoto ukiteremka mguuni hadi kwenye soksi. Nilisoma mistari yote bila kuinua macho, kisha nikatoka kwa mlango wa nyuma, wala sikungoja baraka. Hofu iliyoniingia siku ile sikuipata hata siku ya kupasuliwa. Niliona umri wangu wote uliobaki umefungiwa ndani ya chumba kile chenye mkeka.

Jumanne binti aliniuliza, "Mwalimu, tangu jana nepi ngapi?"

Nikajibu, "Hakuna. Nimekauka."

Alipiga makofi. Mke wangu, aliyekuwa ameshika simu, aliniwekea mkononi akaenda kufua shuka zangu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika sifuri. Ukweli ni kwamba natumia nepi nne kwa siku, pengine tano. Na kwa kuwa kwenye karatasi nilikuwa nimepona, mazoezi yenyewe nayo nikayapuuza. Binti aliomba ruhusa awaeleze wagonjwa wenzangu kwenye kundi letu la WhatsApp, nami nikakubali. Wanaume kumi na mmoja wakanimwagia sifa. "Mwalimu ni chuma!" "Mwalimu, tufungulie shule!" Nakiri kwamba nilifurahi.

Ijumaa iliyopita mmoja wao, mtu wa vibarua anayeishi mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, alinitumia ujumbe wa sauti. Aliongea taratibu, kama mtu aliyechoka.

"Mwalimu, habari yako. Mimi niko wiki ya tisa na bado namwaga tu. Juzi nilikuwa pale kwa geti ya kiwanda tukingoja kuchukuliwa kazi ya siku, jaketi nimejifunga kiunoni. Supavaisa akaniambia mbele ya watu, 'Wewe mzee unanuka, toka kwa laini.' Vijana wakacheka. Sasa niambie ukweli, Mwalimu. Wewe ulifanya nini?"

Mtu aliniomba ukweli, nami nikamwandikia: "Ni bidii na imani, ndugu yangu."

Alijibu, "Basi mimi mwili imekataa. Nimewachana na hayo mazoezi."

Tangu siku hiyo nikimwandikia, hujibu neno moja tu: "Niko." Binti amelalamika kwenye kundi kwamba hapokei simu yake ya mafunzo. Hajui sababu. Mimi naijua.

Sasa binti ameniarifu kwamba Jumanne ijayo ndiyo ya mwisho kwangu, kwa kuwa nimepona, na nafasi yangu atapewa mgonjwa mwingine. Tena ameniomba Jumamosi hii, saa nne asubuhi, nizungumze na kundi zima kwa video, niwaeleze jinsi nilivyofaulu.

Nilimweleza mke wangu yote, akiwa anaanua shuka zangu kwenye kamba. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Baba Ayuma, wale watoto uliokuwa ukiwachapa kwa kunakili mtihani, wao walikuwa wamemuumiza nani?" Hakungoja jibu. Aliingia ndani na shuka zake.

Ndugu wasomaji, naogopa. Nikisema ukweli, wanaume wale watanicheka, na habari huenda ikafika kanisani. Binti aliyenifundisha kwa upole ataniona mwongo, na sijui kama atakubali kuanza nami upya. Nikinyamaza, nitabaki hivi nilivyo bila mtu wa kunifundisha, na yule wa Mukuru ataendelea kuamini kwamba mwili wake umemkataa, ilhali aliyemvunja moyo ni mimi na sifuri zangu.

Jana nilirudi kwenye mkeka na kufanya mazoezi yote, mara tatu, kama nilivyoagizwa. Jioni nikajaza karatasi: nepi nne. Nimeipiga picha. Imo ndani ya simu, sijaituma.

Nielekezeni kabla ya Jumamosi. Nianze na nani: binti, kundi zima, au yule ndugu aliyefukuzwa getini? Na nikimpigia akapokea, nimwambie neno gani la kwanza ili asikate simu kabla sijafika kwenye ukweli?