Kijiko cha Shira

Mwaka uliofuata zile mvua kubwa za mwishoni mwa miaka ya tisini, mama yangu aliingiwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alisema atapasuliwa na ataona kama zamani, ila sukari yake ishuke kwanza, kidonda kisije kikakataa kupona. Nilitoka hospitalini nikirukaruka. Kushusha sukari tu? Kazi ndogo hiyo!

Nililificha kopo la sukari. Wali nikaupunguza, sahani nikamjazia kunde na mboga ya mchunga, samaki nikamchomea badala ya kumkaangia. Chai aliinywa bila sukari, akinuna, lakini aliinywa. Kila Jumatatu nilimshika mkono tukatoka kijijini kwetu Munje kwenda zahanati. Tabibu, kijana wa bara aliyekulia kwenye mashamba ya skimu, yale ya kugawiwa na serikali, alichemsha mkojo wake pamoja na dawa ya buluu juu ya taa ya spiriti. Dawa ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikigeuka rangi ya chungwa, sukari imejaa tele.

Wiki nne mfululizo ikatoka chungwa.

"Mama, si unakula kitu kwa siri?" tabibu akauliza.

"Wallahi sijala," mama akajibu, na mama hakuwa mtu wa kuapa ovyo.

Nilipandwa na hasira, nikamshuku kila jirani. Wiki ya tano sikwenda shamba. Nilikaa jikoni, macho kodo. Mama alikuwa mpishi wa kaimati, vile vidonge vya unga vya kukaangwa na kuchovywa kwenye shira ya sukari, na hakuna arusi wala maulidi pale kwetu iliyokamilika bila kaimati zake; sukari ya shira waliileta wenye shughuli. Zamani aliitazama shira ikichemka akajua imeiva. Sasa haoni. Nikamwona akichota kijiko, akapuliza, akameza. Akachota tena. Halafu kaimati moja kutoka kila karai, ajue kama utamu umeingia ndani. Nilihesabu mpaka nikachoka.

"Mama! Unakula!"

"Nakula nini? Naonja."

"Na unameza?"

"Ala! Mpishi huonja hata akiwa amefunga, na saumu yake haivunjiki. Kuonja si kula, mwanangu."

"Aliyefunga huonja kwa ncha ya ulimi, akatema! Wewe wateremsha mpaka tumboni!"

Akakishusha kijiko. Kumbe hakuwa amemdanganya mtu. Nilitaka kucheka, nikaona midomo yake inatetemeka.

"Na nisipoonja nitajuaje?" akasema. "Mimi sioni."

"Nitaonja mimi."

"Wewe? Ulimi wako haujui hata chumvi."

Lakini kijiko alinipa. Tangu siku hiyo aliketi kwenye kibao chake akiniuliza: shira imevuta uzi? Iliki imetosha? Nami naonja, najibu, naonja tena ili nisimwangushe. Watu wa arusi hawakujua lolote, walisifu kama kawaida, na mimi kichwa kikavimba kwa furaha.

Jumatatu ya tatu tangu hapo dawa ilichemka tukiingoja igeuke. Haikugeuka. Tabibu aliinyanyua dirishani, akaitikisa, akanitazama. Nilipiga kigelegele mpaka wagonjwa nje wakachungulia. Mama alikuwa akinivuta leso.

"Rangi gani? Sema basi, rangi gani?"

"Buluu, mama! Buluu!"

Alhamdulillahi, alisema, akairudia mara nyingi mpaka sauti ikamkauka. Hospitalini walimpima damu, wakaridhika, wakampasua.

Siku ya kutolewa bendeji nilisimama mbele yake. Alipepesa macho. Akanitazama usoni, akashuka taratibu mpaka miguuni, akapanda tena. Nilingoja dua, nilingoja machozi, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kulia.

"Subhanallah," akasema. "Mbona umenenepa hivi?"

"Naonja tu, mama," nikajitetea. Mama alijifunga leso yake vizuri, akanishika mkono, akanivuta mpaka kwenye foleni ya kupimwa sukari.